Fupisha agizo, usifupishe salamu: mwongozo wa mazungumzo kwa wasimamizi wa kazi

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye watu chini yake Dodoma na mikoa ya jirani: mkuu wa kitengo katika Mji wa Serikali wa Mtumba, msimamizi wa zamu katika hoteli inayojaa wakati wa Bunge la bajeti, mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida, nyapara wa vijana wanaochuma zabibu Hombolo. Unahusu mambo mawili ambayo wasimamizi wengi huyapenda na wachache huyatumia vizuri, yaani kusema kwa ufupi na kusema kwa ucheshi. Yote mawili yanarahisisha kazi yakitumiwa kwa heshima, na yote mawili yanaumiza watu yakitoka kinywani mwa mtu ambaye hawezi kujibiwa.

Dodoma inalihitaji somo hili kuliko miji mingi. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi, ofisi zimejaa watu kutoka kila pembe ya nchi ambao hawakukua pamoja, hawajuani ukoo wala utani, na mara nyingi mkuu wao ni kijana kuliko nusu ya wale anaowaongoza. Mzaha uliozoeleka katika ofisi ya zamani, ambako watu walijuana kwa miaka, hauhami pamoja na makabati ya mafaili. Hapa inabidi kuanza upya, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Salamu iwe kamili, na ifuate umri

Ufupi tunaoutafuta hauanzi kwa kuifuta salamu. Mtu anayeingia mlangoni na kutamka shida yake moja kwa moja huhesabiwa kuwa amekasirika au amedharau, na mfanyakazi aliyeagizwa hivyo atautumia muda unaofuata kujiuliza amekosa nini, badala ya kulifanya aliloagizwa. Sekunde chache zilizookolewa hapo zitalipwa kwa saa nzima ya kazi inayofanyika kwa kinyongo.

Salamu ifuate umri, wala si cheo. Mkuu wa kitengo mwenye miaka 32 akimkuta dereva mwenye miaka 56, yeye ndiye anayepaswa kusema shikamoo, na cheo chake hakimwondolei wajibu huo. Akishaitikiwa marahaba, anaweza kutoa agizo kwa sentensi moja na lisimuudhi mtu: "Shikamoo mzee. Kesho tunakwenda Kondoa, naomba tuondoke saa 1 asubuhi, na gari lijazwe mafuta leo." Agizo ni fupi kabisa, lakini mzee amepewa nafasi yake kabla ya kupewa kazi.

Kwa msimamizi mgeni katika mkoa huu, kujifunza "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ili kuwasalimia wenyeji ni jambo jema, mradi salamu itolewe kama salamu. Akiitamka kwa kuiga lafudhi ili wengine wacheke, itakuwa dhihaka, na wenyeji wataitambua mara moja hata kama wataitikia kwa adabu. Vilevile, ukiuliza habari za nyumbani, subiri jibu. Kama huna muda wa kulisikiliza, sema habari za kazi kisha uendelee.

Hatua ya 2: Agizo libebe mtu, jambo, kipimo na muda

Baada ya salamu, fupisha. Agizo linalokamilika lina mambo manne: nani afanye, afanye nini, kwa kiasi gani, na hadi lini. Likikosa mojawapo halijawa fupi, limekuwa pungufu, na upungufu huo utarudi kwako kama maswali au kama kazi iliyoharibika. Wanaofanya kazi na masijala, yaani ofisi ya kutunza mafaili, wanalijua faili linalozunguka meza tano likiwa na maneno "kwa hatua zako" kila linapopita, bila yeyote kujua hatua hizo ni zipi. Maneno ni matatu tu, lakini hayamwambii mtu chochote.

Upande wa pili kuna urefu usio na mwili. Tuchukue ujumbe wa aina hii kuhusu masurufu, yaani fedha anayotangulizwa mtumishi kwa safari na kuitolea hesabu baadaye, ambao kila mtumishi amewahi kuupokea: "Kama mnavyofahamu, suala la masurufu limekuwa likijirudia na kwa kweli halitupi picha nzuri kama kitengo, hivyo ningependa kuchukua fursa hii kuwakumbusha wahusika wote kulipa suala hili uzito unaostahili." Msomaji anafika mwisho akiwa na hofu, lakini bila kujua anatakiwa kufanya nini. Hebu tuuandike tena:

"Ndugu zangu, habari za asubuhi. Aliyesafiri mwezi uliopita arejeshe masurufu kwa mhasibu kabla ya Ijumaa saa 9 alasiri, akiambatanisha stakabadhi zote. Ambaye stakabadhi zake hazijatimia aje tuzungumze Jumatano asubuhi."

Ujumbe wa pili haumlaumu mtu, unataja siku na saa, na unamfungulia mlango yule mwenye tatizo kabla halijawa kosa. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wasimamizi wenye haraka huikata kwanza.

Kuhusu saa, taja daima sehemu ya siku. Mji huu sasa una watu wanaoishi kwa saa za aina mbili, hasa tangu treni ya SGR ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kwa kuwa tiketi iliyoandikwa 14:00 ni safari ya saa 8 mchana. Ukimwambia mtu "saa 2" na kunyamaza, umemwachia kuchagua kati ya asubuhi, usiku na ile ya kwenye tiketi. Maneno kama "baadaye kidogo", "mapema iwezekanavyo" na "fasta" yaachwe kabisa katika maagizo, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake.

Neno moja zaidi juu ya ufupi: usikate sababu. Kijana wa shambani anayeambiwa "mje saa 12 asubuhi" atakuja akinung'unika, au atakuja saa 1. Anayeambiwa "mje saa 12 asubuhi, kwa sababu jua likishapanda zabibu zinanyauka ndani ya kreti kabla gari halijafika" ameongezewa sentensi nusu tu, na amepewa kitu cha kumwezesha kuamua mwenyewe siku ambayo wewe hupo. Sababu moja inatosha. Ukitoa tano, atashika ile dhaifu kuliko zote na kubishana nayo.

Hatua ya 3: Ondoa ufupi unaotisha

Kuna maneno ambayo ni mafupi kiasi cha kumnyima mtu usingizi. La kwanza ni "Nione", likiandikwa kwenye faili au kutumwa kwa simu Ijumaa jioni. Mkuu huenda anataka tu kuuliza idadi ya viti vya kikao, lakini mpokeaji ataipitia miezi sita ya kazi yake akitafuta kosa, atamwambia mwenzi wake nyumbani, na Jumatatu atafika akiwa amechoka. Ongeza maneno machache ya jambo lenyewe: "Nione kuhusu viti vya kikao cha Jumanne." Ikiwa jambo ni zito na halifai kuandikwa, basi usiliandike Ijumaa, mwite siku ambayo unaweza kuzungumza naye saa ile ile.

"Sawa" peke yake, baada ya mtu kukutumia taarifa aliyoifanyia kazi wiki nzima, nalo ni la kundi hilo. "Nimeipokea, nitaisoma kesho, asante" ni fupi vilevile, na halimwachi mtu akihesabu nukta.

Hatua ya 4: Jua ni nani mwenye haki ya kutaniana nawe

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na nitakaa kidogo.

Watanzania ni watu wa utani, na utani wetu si maneno ya ovyo. Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani: wanatupiana maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi. Wajukuu na babu wanataniana, mashemeji wanataniana, binamu wanataniana. Mtani ana haki ya kuchekesha watu hata msibani, na msibani hapo hapo ana kazi za kufanya. Kwa hiyo utani una haki na una wajibu, na msingi wake ni kwamba unalipwa. Ninayemtania leo anaruhusiwa kunitania sasa hivi, kwa nguvu ile ile, mbele ya watu wale wale, na mimi siruhusiwi kukasirika.

Sasa tumtazame msimamizi. Yeye ndiye anayejaza tathmini ya utendaji, anayepitisha likizo, anayepanga nani asafiri na nani abaki. Anaposema mbele ya kikao kwamba fulani huwa anachelewa kwa sababu mke wake ndiye mwenye saa, watu wote watacheka, kwa sababu kutocheka mzaha wa mkuu ni hatari. Aliyetaniwa naye atacheka. Lakini hawezi kujibu kwamba mkuu mwenyewe juzi alifika saa 4. Malipo hayapo, na kitu kisicholipika hakistahili kuitwa utani, hata kama kimevaa nguo zake. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na katika ofisi usaha huo hutumbuka kwa njia za kimya: barua ya kuomba uhamisho, kazi inayofanywa kwa kiwango cha chini kabisa kinachokubalika, taarifa mbaya inayofichwa mpaka mkaguzi aigundue.

Kabla ya kumtania aliye chini yako, jiulize swali moja: je, anaweza kunijibu hivyo hivyo, hapa hapa, na kesho nikampitishia likizo yake bila moyo wangu kusita? Kama jibu si ndiyo iliyo wazi, nyamaza. Njia ya kulipata jibu ni kumwacha yeye aanze. Mlinzi mzee wa rika la babu yako akikuanza asubuhi getini kwa kukuita mjukuu wake na kudai umesahau ugoro wake, amekufungulia mlango, mjibu na ucheke naye. Mtu wa rika la baba yako au mama yako, kwa desturi zetu, si wa kutaniwa hata akiwa chini yako kikazi, na mizaha kwake ibaki kwenye mambo ya nje.

Kabila nalo si kibali kinachojitosheleza. Kwamba kabila lako na lake ni watani hakumaanishi kwamba yeye, kama mtu, amekukubali wewe kama mtani. Wengine wamekulia mijini na hawana habari na utani huo, na wengine wanaujua lakini wana jeraha lao. Uache uanzie kwake.

Kuna uwanja mmoja ambao unafaa karibu kila ofisi, nao ni mpira. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi kwa haki, kwa sababu zamu hugeuka: aliyecheka Jumapili hii anaweza kuchekwa mwezi ujao, na mkurugenzi hana ulinzi wowote juu ya matokeo. Mhudumu wa chai anaweza kumwambia mkurugenzi wake "pole na jana" na ofisi nzima ikafurahi, kwa sababu kwa dakika hiyo wako sawa. Lakini kuna masharti mawili. Msimamizi anayetania timu yake ikishinda lazima afike kazini mapema timu yake ikifungwa, asijifungie chumbani. Pili, mpira usiguse kazi: asiseme, hata kwa kicheko, kwamba mashabiki wa timu fulani ndio watakaobaki kufanya kazi Jumamosi. Hapo ameshatumia mamlaka ndani ya mzaha, na hilo linatupeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Mzaha usibebe agizo

Msimamizi anasimama saa 10 jioni na kusema akicheka, "Leo hakuna kwenda nyumbani, tunalala hapa hapa." Wafanyakazi wanacheka. Je, wabaki au waondoke? Anayebaki hajui kama atalipwa, na anayeondoka hajui kama ameasi. Msimamizi amepata alichokitaka bila kukiomba, na kesho akiulizwa atasema alikuwa anatania.

Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zinafanywa kwa makubaliano, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Makubaliano hayawezi kufanyika kwa kicheko. Sema: "Mzigo wa alizeti umechelewa. Naomba watu wanne wabaki hadi saa 2 usiku, watalipwa saa za ziada. Nani anaweza?" Halafu subiri. Ukishapata watu wako na jambo limekwisha, chekesheni mtakavyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa karipio lililofichwa. "Naona wengine siku hizi wana ofisi zao nyumbani" ni maneno yanayomlenga mtu mmoja na kuwatia wasiwasi watu kumi. Kama kuna mtu anayechelewa, mwambie yeye.

Hatua ya 6: Elekeza mzaha kwenye jambo, na wewe mwenyewe

Ucheshi salama wa msimamizi unalenga vitu na hali ambazo wote mnazibeba pamoja: mfumo uliolala siku ya kuwasilisha taarifa, vumbi na upepo wa Dodoma unaofika mezani kabla ya wenye meza, mashine ya kuchapa inayokwama. "Mashine yetu imeomba likizo bila kujaza fomu. Fundi anakuja kesho saa 3 asubuhi, kwa leo tumieni ya masijala." Mzaha ni sentensi moja, taarifa ni mbili, na mtu ambaye hakucheka bado amepata alichohitaji. Au siku moja kabla ya ukaguzi: "Wakaguzi wanaingia kesho. Leo hata faili lililopotea mwaka juzi litajitokeza lenyewe. Tuanze na ya manunuzi, saa 4 asubuhi tukutane chumba cha mikutano." Maneno hayo yanalegeza mabega ya watu bila kulifanya jambo lenyewe kuwa dogo.

Mzaha ukae mwanzoni au mwishoni mwa maelezo, usikae katikati ya hesabu au maelekezo ya usalama. Kwenye eneo la ujenzi au kwenye mashine ya kukamua mafuta, maelekezo ya usalama yasemwe bila mzaha wowote, kwa sababu mtu aliyekuwa akicheka hakusikia neno lililofuata.

Unaweza kujitania mwenyewe, kwa kiasi. Mkuu anayekiri kwamba timu yake imefungwa, au kwamba bado hajaumudu mfumo mpya wa tathmini, anawapa watu ruhusa ya kuuliza. Anayejitania juu ya uwezo wake wa kazi kila siku anawatia shaka. Na asiye na kipaji cha kuchekesha asijilazimishe. Wafanyakazi wanamheshimu vizuri sana msimamizi asiyechekesha lakini anayesalimu, anayesema wazi na anayetimiza alichosema.

Hatua ya 7: Yasiyoguswa

Umbo la mwili, ndoa na kutoolewa, kukosa mtoto, ujauzito, ugonjwa, ulemavu, dini, kabila, na mshahara wa mtu. Sheria ile ya mwaka 2004 inazuia ubaguzi kazini kwa misingi ikiwemo kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na inahesabu unyanyasaji kwa misingi hiyo kuwa ubaguzi. Kusema "nilikuwa natania" hakuufuti unyanyasaji huo. Mwanamke anayekwenda likizo ya uzazi ya siku 84 asiambiwe kwamba anakwenda kustarehe. Maneno ya kimapenzi kwa aliye chini yako yana uzito zaidi, kwani Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la udhalilishaji wa kijinsia, na udhalilishaji huo unaweza kufanyika kwa maneno matupu.

Nataka kulisemea kabila, kwa sababu hapa Dodoma kuna mzaha mmoja ambao wageni huufikia haraka mno: kwamba Wagogo ni ombaomba. Nausikia ukirushwa kama kitu chepesi, na si chepesi. Nchi ya Ugogo ni kavu, mvua zake ni chache na hazitabiriki, na njaa zimeipiga mara nyingi. Njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha ukame ukafuata. Watu wengi walikufa, wengine walitawanyika kutafuta chakula. Mkuu wa kitengo anayemwambia mhudumu wa Chamwino kwamba "ninyi mmezaliwa mkono uko mbele" anachezea kumbukumbu ambayo haijui, mbele ya mtu ambaye huenda bibi yake alimsimulia. Mtani wa kweli wa Mgogo, anayejua kinachorudishwa na kinachosamehewa, ana nafasi yake. Bosi hana.

Vivyo hivyo mzaha wa kujinyonga wanaotupiwa Wahehe. Huwezi kujua nani katika kikao hicho amemzika ndugu yake kwa njia hiyo.

Nchi hii iliwahi kulisema hili kisiasa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika aya yake ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliuchukua waraka huo na kuweka zana chini wakiwapinga mameneja waliowatolea maneno ya kuwadhalilisha. Hawakugomea mishahara peke yake, waligomea namna walivyosemeshwa.

Hatua ya 8: Katika kundi la WhatsApp

Kwenye simu hakuna uso wala sauti, kwa hiyo mzaha hupungua nusu na ukali huongezeka maradufu. Andika maagizo kwa maandishi, usitume sauti ya dakika nne kwa mtu aliyeko barabarani Bahi akitafuta mtandao. Usimtaje mtu kwa kosa lake kundini, hata kwa alama za kucheka, kwa kuwa maneno hayo yatapigwa picha na kubaki. Baada ya saa za kazi tuma kile tu kisichoweza kusubiri asubuhi, na kama unaandika usiku ili usisahau, sema wazi: "Hili ni la kesho."

Hatua ya 9: Katika kikao

Taja mwanzoni kikao kitaisha saa ngapi, kisha kiishe saa hiyo. Msimamizi azungumze kwanza kwa dakika chache, aeleze jambo linalotakiwa kuamuliwa, halafu awaachie wengine, akianza na wadogo kwa cheo, kwa sababu mkuu akishatoa maoni yake marefu hakuna atakayeongeza kitu zaidi ya kuunga mkono. Jambo la "mengineyo" lisigeuzwe mahali pa kumshtukiza mtu. Mzaha mmoja wa kufungulia unatosha. Mkuu anayechekesha kikao kizima hupata makofi na hukosa taarifa.

Hatua ya 10: Kukemea na kuleta habari mbaya

Hapa ucheshi hauna nafasi hata kidogo, na ufupi unahitajika kuliko mahali pengine popote. Mwite mtu peke yake, msalimu, mkaribishe aketi. Taja tukio, siku na athari yake, kisha muulize upande wake, na usikilize mpaka amalize: "Taarifa ya mapato ya Kibaigwa ilitakiwa Jumatatu, imefika Alhamisi, na tumekosa kuiwasilisha. Nieleze kilichotokea." Usikusanye makosa ya mwaka mzima, usilinganishe na mwenzake, usiseme "wewe siku zote". Mkikubaliana la kufanya, liandike kwa mistari miwili na mpe nakala.

Habari ya mtu kukosa cheo au mkataba wake kutoongezwa iambiwe katika sentensi ya kwanza baada ya salamu. Kumzungusha kwa dibaji ya dakika kumi ni kumtesa, na kuifungua habari hiyo kwa mzaha ili wewe mwenyewe usione aibu ni kumtesa zaidi. Ikishasemwa, ndipo uwe na muda mrefu: kwa maswali, kwa ukimya, kwa maelezo ya stahili zake.

Hatua ya 11: Mzaha ukimuumiza mtu

Utaliona usoni, au utasikia kwa mwingine. Siku hiyo hiyo, mfuate aliko, usimwite ofisini kwako. Mwambie: "Niliyosema asubuhi hayakuwa sawa, naomba radhi." Usiongeze "kama yalikukera", wala usimweleze kwamba yeye ni mwepesi wa kukasirika. Kama yalisemwa mbele ya watu, yasahihishe mbele ya watu hao hao, kwa sentensi moja, baada ya kumuuliza yeye kama anapenda iwe hivyo, maana wengine huona jambo likitajwa tena linawaumiza mara ya pili.

Akitaka kulalamika rasmi, usimzuie wala usitume watu wazima wa ofisi kumbembeleza. Mpeleke kwa afisa utumishi, au kwa chama chake cha wafanyakazi kama anacho, na mfanyakazi wa sekta binafsi ambaye jambo lake halikumalizwa ndani ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakati shauri linaendelea, kumpangia zamu, safari na likizo zake kufanywe na msimamizi mwingine, na wewe uendelee kumsalimu kila asubuhi kama ulivyokuwa ukifanya.